Mirija ya Kongosho: Kutoka Kisu hadi Stenti

Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengewa kazi ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, hospitali moja ya London ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya CT, itumiayo eksirei hizohizo kuuona mwili kwa ndani. Eksirei zikaanza kufichua yaliyojificha kichwani, kisha yaliyojificha tumboni.

Tumboni, kiungo kilichowasumbua madaktari kwa muda mrefu ni kongosho. Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo mkono haufiki. Likivimba, mara nyingi kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe, maji yake makali huvuja na kuanza kulila lenyewe. Maji hayo hujikusanya, na baada ya wiki nne hivi mwili huyajengea ukuta, yakawa uvimbe. Pengine ndani yake huwa na maji matupu. Pengine huwa na vipande vya nyama iliyokufa. Uvimbe mwingi hukauka wenyewe. Unaoingia usaha au kuubana mfuko wa chakula hutafutiwa njia ya kutoa maji yake.

Njia ya kwanza ilikuwa kisu. Mwaka 1931 daktari mpasuaji wa Poland, Antoni Jurasz, alieleza namna ya kuunganisha uvimbe huo na mfuko wa chakula, ili maji yamwagikie humo na kupita utumboni. Wazo lilikuwa zuri, ila lilidai kupasua tumbo la mtu ambaye tayari yu taabani.

Ilibidi kungoja endoskopi, ule mpira mrefu wenye taa unaopitishwa mdomoni. Nib Soehendra, daktari mzaliwa wa Indonesia aliyefanya kazi Hamburg, ndiye aliyeongoza njia ya kuweka mirija ya plastiki kwenye mfereji wa nyongo, karibu na mwaka 1980. Mwaka 1992 yeye na wenzake walieleza namna ya kutoboa uvimbe wa kongosho kwa kuongozwa na ultrasaundi iliyofungwa kwenye ncha ya endoskopi. Sasa daktari aliweza kuona mshipa wa damu kabla hajachoma sindano.

Mrija wa plastiki wa kazi hii ni mwembamba, kama milimita 2 hadi 3, na ncha zake mbili zimejikunja ili usichomoke. Ni wa bei nafuu, na kwa maji matupu unatosha. Kwa nyama iliyokufa huziba, kwa hiyo huwekwa miwili au zaidi. Ndipo ilipokuja stenti ya chuma, iliyofumwa kwa nyaya za nikeli na titani, pana kwa milimita 10 au 15, yenye kingo mbili zilizotanuka mfano wa kibiringo cha uzi. Kingo hizo huushika ukuta wa mfuko wa chakula na ukuta wa uvimbe pamoja, na endoskopi yenyewe huweza kupita katikati kwenda kuondoa nyama iliyooza. Marekani iliiruhusu mwishoni mwa 2013.

Wengi waliamini plastiki imekwisha. Lakini jaribio la Orlando, Florida, lililochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa 60, lilitoa jibu jingine: chuma kiliharakisha kazi ya kuweka, ila idadi ya matibabu na kupona havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Hatari ilijitokeza stenti ilipokaa muda mrefu, maana uvimbe unaposinyaa chuma hukwaruza mishipa na damu hutoka. Watafiti wakaamua mgonjwa apigwe picha baada ya wiki tatu, na stenti itolewe uvimbe ukiwa umekwisha.

Kenya imewahi kuupima ubora wa mirija kwa namna yake. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, ambako saratani ya umio ni nyingi, madaktari waliweka stenti za chuma bila mashine ya eksirei, wakipima urefu kwa endoskopi peke yake. Waliieleza mbinu hiyo mwaka 2001, na mwaka 2009 jarida la Lancet Oncology likachapisha matokeo yao ya miaka mingi. Walichagua kifaa kwa kutazama hali ya wagonjwa wao: watu wanaotoka mbali, wanaohitaji kumeza tena kwa safari moja.

Kwa kongosho hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu safari moja haitoshi. Mvuvi au mchimba chumvi wa Ngomeni anayetibiwa Mombasa atapita Malindi, kisha atasafiri kilomita 120 nyingine, na stenti ya chuma inamtaka arudi kwa siku yake. Akikosa nauli, kifaa bora kinageuka hatari. Hivyo umbali na nauli vinastahili kuulizwa kabla ya kuchagua mrija, sawasawa na bei na upana wake.

Ipo pia njia isiyohitaji stenti yoyote mwanzoni. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa 88, lilionyesha kwamba kati ya walioanziwa na mrija wa kutoa usaha, kwa kawaida kupitia ngozi, asilimia 35 hawakuhitaji upasuaji kabisa. Mrija huo huingizwa kwa ultrasaundi au CT, na mgonjwa huuona kila siku ubavuni pake.