Ahadi kwa Askari na Mlango wa Nyumba

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Neno hili hupimwa sana vita viishapo, kwa maana siku ya kuondoka askari huahidiwa mengi, na siku ya kurudi huulizwa mengi. Habari za nchi ya Marekani zatuonyesha jinsi taifa kubwa lilivyojifunza polepole kwamba kutoa msaada hakutoshi; sharti kuyaangalia pia maswali yanayoulizwa mlangoni.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, sheria ya mwaka wa 1924 iliwaahidi askari wa Marekani malipo, lakini wangelipwa mwaka wa 1945. Kabla ya siku hiyo ikaja dhiki kubwa, na wengi wakakosa kazi na makao. Basi mwaka wa 1932 maelfu yao walikwenda Washington pamoja na wake na watoto, wakajenga vibanda kando ya mto Anacostia, wakidai walipwe. Tarehe 28 Julai Jenerali Douglas MacArthur aliwaendea na jeshi, wakafukuzwa, na vibanda vikateketea kwa moto. Fedha ile hawakuipata mpaka mwaka wa 1936.

Aibu hiyo haikusahauliwa. Tarehe 22 Juni 1944, vita vya pili vikali vikiendelea, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi. Serikali ikawa mdhamini wa mikopo ya nyumba, na watu wengi sana wakapata makao. Walakini mkopo wenyewe ulitolewa na benki, na benki nyingi ziliwakataa watu weusi. Katika miji 13 ya Mississippi, mwaka wa 1947, mikopo iliyodhaminiwa ilizidi 3,200. Iliyowafikia watu weusi ilikuwa 2 tu. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Aliyesimama mlangoni ndiye aliyeitazama.

Miaka ikapita, vita vya Vietnam vikaja vikaisha, na askari wa zamani wakaonekana wakilala barabarani. Mwaka wa 1992 idara ya nyumba na idara ya askari wa zamani zilianza kazi moja ya pamoja, nayo ikapanuliwa sana mwaka wa 2008. Utaratibu wake ni huu: mtu hupewa hati ya kupangia nyumba, yeye hulipa kadiri ya sehemu 30 katika 100 za pato lake, na serikali humlipa mwenye nyumba kiasi kilichobaki. Tena huwekewa mtu wa kumwangalia katika ugonjwa na shida zake. Hesabu ya usiku mmoja ya mwaka wa 2010 ilikuta askari wa zamani zaidi ya 74,000 wasio na makao. Ile ya mwaka wa 2024 ilikuta 32,882.

Kumbe hata hapo mlango ulikuwa mwembamba, kwa namna mbili.

Kwanza, wako walioondolewa jeshini kwa hati isiyo ya heshima kamili, wengine kwa utoro au ulevi ambao asili yake ni vidonda vya moyo walivyovipata vitani. Hao hawakustahili kupata nyumba. Sheria iliyotiwa sahihi mwanzo wa mwaka wa 2021 iliwakubali, isipokuwa waliofukuzwa kwa hukumu ya mahakama kubwa ya kijeshi au kwa kuvunjiwa heshima kabisa.

Pili, msaada ulikuwa na mpaka wa pato, na fidia ya majeraha ilihesabiwa kuwa pato. Mwaka wa 2024 askari aliyeumia kabisa alipata zaidi ya dola 3,700 kwa mwezi, na mara nyingine fedha hiyo ilimvusha mpaka. Hivyo kadiri mtu alivyoumia zaidi kwa ajili ya nchi yake, ndivyo alivyozidi kuwa mbali na nyumba! Mwezi wa Agosti mwaka huo huo idara ya nyumba iliamuru fidia hiyo isihesabiwe wakati wa kuamua nani anastahili.

Ni kweli, kupanua mlango si kujenga nyumba. Hati haimfai mtu asipopata chumba cha kupanga. Lakini aliyekataliwa mlangoni hata hafiki kutafuta chumba. Kwa hiyo kila agawaye msaada, kama ni serikali au wazee wa kijiji, na atazame kwanza kanuni zake, asije akamfukuza yule aliyekusudiwa. Deni halilipwi kwa kutangazwa. Hulipwa linapofika mkononi mwa mwenyewe.