Midomo ya samawati: Ishara ya moyo unaoinyima damu oksijeni

MTOTO anayechuchumaa kila baada ya kukimbia hatua chache, huku midomo na kucha zake zikigeuka rangi ya samawati, hadeki. Huenda alizaliwa na kasoro ya moyo inayoinyima damu yake oksijeni.

Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Si wote hupungukiwa na oksijeni. Hali hii huwapata hasa wale ambao sehemu ya damu iliyokwisha kutumiwa na mwili hurudi mzungukoni bila kupitia mapafuni.

Kwa kawaida, upande wa kulia wa moyo husukuma damu hadi mapafuni ikachukue oksijeni, ilhali upande wa kushoto huisambaza mwilini. Kiwango cha oksijeni katika damu ya mtu mwenye afya huwa asilimia 95 hadi 100. Kwa wagonjwa hawa, kinaweza kushuka chini ya asilimia 85.

Kasoro mashuhuri ya aina hii ilielezwa mwaka 1888 na daktari Mfaransa, Étienne-Louis Fallot. Moyo huwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia ya kwenda mapafuni huwa nyembamba, mshipa mkuu hukaa juu ya tundu hilo, na msuli wa chumba cha kulia huwa mnene.

Mtoto anapochuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa na damu nyingi zaidi hulazimika kuelekea mapafuni. Ndiyo sababu mtoto mchanga anayegeuka samawati ghafla hukunjwa magoti hadi kifuani huku akikimbizwa hospitalini.

Mwili nao hujaribu kujikimu kwa kuunda chembechembe nyekundu nyingi zaidi. Hata hivyo, damu huwa nzito, na mgonjwa anaweza kupatwa na kiharusi, hususan akiishiwa na maji mwilini kwa kuhara au kutapika. Baada ya muda, ncha za vidole hunenepa mithili ya rungu.

Dalili katika ngozi nyeusi

Katika ngozi nyeusi, rangi ya samawati si rahisi kuonekana. Inafaa kukagua ulimi, ufizi na sehemu ya ndani ya midomo. Mikono na miguu ya mtoto mchanga huweza kugeuka samawati kwa baridi tu, lakini ulimi wa samawati ni dalili ya hatari.

Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hupima oksijeni bila maumivu. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa hicho huweza kutoa kiwango cha juu kuliko hali halisi kwa watu weusi. Kwa hivyo, tarakimu nzuri haipaswi kufuta dalili zinazoonekana.

Mwinuko wa mahali pia huathiri kipimo. Mgonjwa anayetoka Mombasa kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa yenye oksijeni haba zaidi.

Tiba

Mnamo Novemba 1944, jijini Baltimore, Marekani, daktari Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto mwenye kasoro hiyo kwa kuunganisha mshipa wa mkono na ule wa mapafu. Wazo lilikuwa la daktari Helen Taussig, na mbinu iliandaliwa maabarani na Vivien Thomas, fundi Mweusi ambaye hakuwa amesomea udaktari. Mwaka 1954, Walton Lillehei aliirekebisha kasoro yenyewe ndani ya moyo.

Leo wengi wanaotibiwa mapema hufikia utu uzima. Wakichelewa, baadhi ya kasoro huharibu mishipa ya mapafu kiasi kwamba kuziba tundu huwa hatari kuliko kuliacha.

Mzazi anayemwona mwanawe akitokwa na jasho anaponyonya, akikosa kuongeza uzani au akigeuka samawati anapolia, hana budi kumpeleka hospitalini apimwe moyo bila kungoja akue.