Filta ya Tangi la Samaki Inadondoka Kila Mara? Ifunge Hivi

Siku hizi tangi la samaki wa mapambo si kitu cha hoteli za Dar tu. Hata huku Isaka na Kahama unalikuta sebuleni, saluni, hata kwenye duka la vifaa vya simu. Shida inaanza pale filta inapobanduka kwenye kioo usiku. Asubuhi unakuta samaki wanahema juu ya maji, au wameshakufa.

Filta ikilala chini inavuta mchanga na uchafu, pampu inakwama na kupata moto. Maji ya juu nayo yanatulia, hewa inapungua. Hivi ndivyo unavyoweza kuifunga ikashika.

1. Chomoa umeme kwanza

Usiingize mkono kwenye maji wakati filta imechomekwa. Umeme wa nyumbani ni volti 230 na maji hayana mzaha. Usizime swichi tu, chomoa kabisa.

2. Safisha kioo

Vile vikombe vya mpira vinavyonata kwenye kioo havishiki penye utelezi wa kijani wala chokaa. Punguza maji kidogo, sugua sehemu hiyo kwa sponji mpya isiyo na sabuni. Chokaa ikigoma, tumia siki kidogo kwenye kitambaa kisha futa vizuri.

3. Kagua vikombe vya mpira

Vikikaa muda mrefu vinakakamaa. Vitumbukize kwenye maji ya moto dakika chache vilainike. Vikiwa vimepasuka, nunua vipya. Ukibandika, kilowanishe kikombe, kandamiza katikati mpaka hewa yote itoke, halafu vuta filta kidogo uone kama imeshika.

4. Chagua sehemu sahihi

Weka kwenye kona ya nyuma, sentimita chache juu ya mchanga. Hili ni muhimu zaidi kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika wale wanaotoka Kigoma, maana wengi wao wanachimba mchanga na kuurundika popote. Mdomo wa kutolea maji uwe karibu na uso wa maji ili uyatikise. Mtikisiko huo ndio unaoingiza hewa.

Angalia pia alama ya kiwango cha chini cha maji kwenye filta. Kwenye joto letu maji yanapungua haraka. Yakishuka chini ya alama, pampu inavuta hewa na inaweza kuungua. Ongeza maji mapema.

5. Panga waya vizuri

Waya ushuke chini ya soketi kwanza, halafu ndio upande kuchomekwa. Matone yakiteremka kwenye waya yatadondokea sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Na usiweke ekstensheni sakafuni chini ya tangi.

6. Kama unatumia pampu ya hewa

Filta ya sponji inaendeshwa na pampu inayokaa nje. Iweke juu kuliko usawa wa maji, au funga valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wake. Bila hivyo, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mpira, yakaingia kwenye pampu na kumwagika sebuleni.

Nguvu ya filta je?

Kanuni ya kawaida ni filta izungushe maji yote mara 4 hadi 6 kwa saa. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linabeba lita 63. Kwa hiyo tafuta filta ya lita 250 hadi 380 kwa saa. Kumbuka lita 63 ni kilo 63 za maji peke yake, bado kioo na mawe. Meza ikiyumba, hata ufunge filta vipi haitasaidia.

Umeme ukikatika

Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaobadilisha sumu ya kinyesi cha samaki. Maji yakiacha kupita kwa saa nyingi, wanakosa hewa na kufa. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu, usiwashe kwanza. Toa sponji, ikamue kwenye ndoo yenye maji ya tangi, irudishe, ndipo uwashe.

Usiioshe kwa maji ya bomba moja kwa moja. Maji ya bomba ya ukanda wa Kahama na Shinyanga yanavutwa kutoka Ziwa Victoria, chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, na yanatibiwa kabla ya kukufikia. Klorini inayotulinda sisi inaua bakteria hao na kuwaunguza samaki matamvua. Maji ya kuongeza yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Ukimaliza, washa na usikilize. Mlio wa kutetemeka maana yake filta inagusa kioo au kikombe kimoja hakijashika. Rekebisha hapo hapo, usisubiri usiku.