Chuma Kinachojizima: Historia ya Joto la Sumaku Katika Tiba ya Saratani

Wanaoandika historia ya kutibu saratani kwa joto hupenda kuanza na homa. Mwaka 1866 huko Bonn, Ujerumani, daktari Busch alieleza habari za mgonjwa mwenye uvimbe wa saratani usoni. Alipougua erisipela, ugonjwa wa ngozi wenye homa kali, uvimbe ule ulitoweka. Mwaka 1891 William Coley wa New York alianza kuwadunga wagonjwa bakteria kwa makusudi ili waugue vivyo hivyo. Wengine walipona, wengine waliuawa na maradhi waliyopewa. Mimi sikubali kwamba historia hii inaanzia hapo. Homa haileti joto tu, huamsha pia kinga ya mwili, tena haichagui mahali. Swali la waliofuata lilikuwa jingine: utaupashaje joto uvimbe uliozama ndani ya mwili bila kuunguza nyama iliyo jirani nao?

Njia ilikuwa imefunguliwa London mwaka 1831, Michael Faraday alipoonyesha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya bila kuugusa. Kipande cha chuma kikiwekwa ndani ya koili ambayo umeme wake unageuka mwelekeo mara laki moja kwa sekunde, hupata moto. Mwili hupata joto kidogo tu, kwa kuwa haupitishi umeme vizuri kama metali. Mwaka 1957 Gilchrist na wenzake wa Chicago walichapisha majaribio ya kupasha joto tezi za limfu, ambamo mabaki ya saratani hujificha, kwa chembe za oksidi ya chuma.

Kupata joto, basi, hakukuwa kazi ngumu. Kazi ilikuwa kulipima. Seli za saratani huanza kudhurika kwenye nyuzi 42 hivi, na nyuzi chache zaidi zinatosha kuharibu nyama nzima. Damu nayo hupita kwa kasi hapa na polepole pale, ikiondoka na joto, kama upepo unaopuliza upande mmoja wa jiko. Huwezi kuchomeka kipimajoto kila mahali.

Hapa ndipo ninapokiona kiini cha historia hii. Katika tasnifu yake ya mwaka 1895, Pierre Curie alichunguza jinsi metali za sumaku zinavyopoteza nguvu hiyo zikifika joto fulani. Mwaka 1984 Stauffer, Cetas na Jones wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha utafiti wa kupasha joto vipandikizi vya metali ndani ya uvimbe wa kina. Watafiti wa miaka hiyo walitengeneza aloi, kwa mfano ya nikeli na shaba, zenye kupoteza usumaku karibu na joto lile lile linalotakiwa. Kipandikizi kikizidi joto hujizima, kikipoa huwaka tena, kama pasi ya umeme.

Jina la Curie lina kejeli yake hapa. Radi, aliyoigundua pamoja na Marie mwaka 1898, ndiyo iliyoipa tiba ya mionzi umaarufu ulioliacha joto nyuma. Vipandikizi hivi vilipofika kwa wagonjwa, mara nyingi vilitumika sambamba na mionzi.

Hata hivyo havikuenea. Vilihitaji kupangwa ndani ya mwili kwa nafasi ya sentimita moja hivi, na hiyo ni kazi ya upasuaji. Huko Berlin, Andreas Jordan na wenzake walirudi kwenye chembe ndogo, safari hii ndani ya majimaji ya kudungwa, na mwaka 2010 Ulaya iliidhinisha tiba hiyo kwa uvimbe wa ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuwa na wagonjwa 59 wa glioblastoma iliyorudi. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13 tangu iliporudi. Hakukuwa na kundi la kulinganishwa nao, kwa hiyo naisoma tarakimu hiyo kwa tahadhari. Wagonjwa walilazimika kung'olewa metali zilizoziba meno yao kabla ya kuingia kwenye mashine, na chembe zilizobaki kichwani ziliharibu picha za MRI, kipimo kile kile ambacho daktari angekitumia kuona kama uvimbe unarudi.