Usidharau Machicha

Ewe msomaji, yaliyodharauliwa jana huenda leo yakathaminiwa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alifika Uganda mwaka 1946. Baadaye, akilinganisha habari za hospitali za Afrika na za Uingereza, alitambua kwamba wanavijiji walao vyakula visivyokobolewa ni nadra kuugua kidole tumbo. Mwaka 1975 yeye na Hugh Trowell, aliyepata kutibu watu Kenya na Uganda, walitoa kitabu wakishikilia kuwa nyuzinyuzi za chakula, zilizodhaniwa takataka, huyafaa matumbo. Leo hata machicha ya karoti zilizokamuliwa maji, chakula cha ng'ombe, hukaushwa upesi yasichache, yakasagwa, na unga wake ukachanganywa katika mkate. Basi, kabla hujatupa, fikiri: watupa taka, au afya yako?