Mipira ya Magari: Kutoka Akron hadi Arusha

 Nadhani chaki iko tayari na taa zinawaka vizuri.

Ninyi wa Tunduma hamna haja ya kuelezwa lori ni kitu gani. Kila siku mnayaona yamepanga mstari, yakingojea kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Lakini je, mmepata kufikiri juu ya ile mipira inayobeba mzigo wote? Watu husifu injini. Mpira hawaukumbuki mpaka siku unapopasuka.

Twende mbali kidogo. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, hauyeyuki tena kwa jua wala haukatiki kwa baridi. Bila jambo hilo tusingekuwa na tairi. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni. Kampuni iitwayo Goodyear ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine kabisa; walichukua jina lake tu.

Kampuni hiyo ilianzia katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Firestone nayo ilianzia huko mwaka 1900. Kisha akatokea William O'Neil, aliyekuwa akiuza mipira ya Firestone. Hakupendezwa na jinsi alivyogawiwa eneo la kuuzia, akaona heri awe na kiwanda chake. Mwaka 1915 yeye na wenzake wakaanzisha General Tire papo hapo Akron. Kampuni ilikua hata ikamiliki vituo vya redio huko Marekani, basi msishangae kusikia habari za mipira redioni!

Sasa turudi kwetu. Mnamo Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na njia ya Zambia ya kupata mafuta kutoka kusini ikafungwa. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, yakipita Tunduma, na kurudi na shaba. Njia ilikuwa ya udongo. Wakati wa masika ilikuwa matope na mashimo, na mipira iliharibika ovyo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, na barabara nayo ikatiwa lami. Hata hivyo malori hayakupungua, na kila lori lilihitaji mipira iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Ndiyo sababu mwaka 1969 iliundwa kampuni ya General Tyre East Africa, na kiwanda kikajengwa Arusha. Kilianza kutoa mipira mwaka 1971. Chukueni hisa 100: Serikali ilikuwa na 74, na kampuni ya Akron 26. Mtauliza, ujamaa na kampuni ya Marekani wapi na wapi, hali Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967? Swali zuri. Serikali ilishika sehemu kubwa. Wamarekani walileta ufundi na jina. Mimi naona hapo hapakuwa na kosa.

Kazi yenyewe si ndogo. Mpira huchanganywa na masizi na salfa. Masizi ndiyo yanayoufanya uwe mweusi na usilike upesi. Hupakwa juu ya nyuzi imara, nazo zikapangwa tabaka juu ya tabaka. Pembeni hutiwa waya ili tairi lishike ringi. Mwisho huwekwa katika kalibu ya moto na kukandamizwa kwa nguvu. Ili mali ghafi isitoke nje yote, mashamba ya mipira yalipandwa Kihuhwi huko Muheza, na Kalunga huko Kilombero.

Huko Akron nako mambo yaligeuka. Kiwanda cha General kilifungwa mwaka 1982, na mwaka 1987 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Continental ya Ujerumani. Basi mwenzetu wa Arusha akawa Mjerumani. Mitambo ilikuwa imechakaa, fedha za kuendeshea kazi zilikuwa haba, na mipira ya bei rahisi ikaingia kwa wingi kutoka ng'ambo. Kabla ya mwaka 2010 kiwanda kilikuwa kimesimama. Wafanyakazi walirudi nyumbani na ufundi wao mikononi, na huo hauwezi kutiwa ghalani ukingojea mitambo mipya. Nairobi nako, kiwanda kilichoanza kwa jina la Firestone kiliacha kutengeneza mipira mwaka 2016.

Sasa kazi ya nyumbani. Mkiona lori limesimama na dereva akiwaruhusu, someni ubavuni mwa tairi. Tafuteni herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililozeeka hupasuka hata kama meno yake bado marefu, hasa mteremkoni likiwa na mzigo. Mwenye mume, ndugu au mtoto anayeendesha au aliye utingo, na amsomee. Andikeni tarakimu mlizozikuta na jina la nchi iliyolitengeneza, mje nazo darasani Jumatano.