Kobole yako ina kifaru, na kifaru ana faili

Toa kobole mfukoni uiangalie. Sio ile ya zamani yenye sura ya rais, ile mpya ya wanyama. Huyo ni kifaru. Sarafu hizo zilizinduliwa Desemba 2018, na nikicheka kidogo ni kwa sababu ya mwaka wenyewe. Februari 4, mtafiti Esmond Bradley Martin alipatikana ameuawa nyumbani kwake Nairobi. Machi 19, Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, akafa Ol Pejeta, Laikipia. Julai, vifaru weusi 11 wakapelekwa Tsavo Mashariki na hakuna hata mmoja aliyepona. Halafu Desemba tukamweka kwenye pesa.

Sudan alitrendi, na alistahili. Lakini mimi leo naongea kuhusu karatasi: nani alihesabu vifaru, na alikuwa anahesabu nini.

Tuanze hapa kwetu. Ukikaa Gatongora leo unaona ploti, nguo kwenye kamba na ploti nyingine. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, aliwinda viboko kwenye shamba la Juja na nyati kando ya Mto Kamiti. Ndio, Kamiti hiyo hiyo unayoijua kwa sababu ya jela. Katika safari nzima yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru 20, na hesabu tunayo kwa sababu aliiandika kitabuni, mnyama kwa mnyama. Tisa kati yao walikuwa vifaru weupe wa Lado, kule Nile, upande wa kaskazini magharibi mwa Uganda ya leo. Hao ni ukoo wa Sudan. Safari iliitwa ya kisayansi, na ngozi zikaenda Smithsonian, Washington.

Daftari la pili linauma zaidi. Serikali ya kikoloni ilitaka kusafisha ardhi ya Makueni ili Wakamba wahamishiwe huko, na kazi ikapewa J. A. Hunter. (Jina lenyewe linamaanisha mwindaji, sitanii.) Kuanzia Agosti 1944 hadi Oktoba 1946 alipiga risasi vifaru 996. Sio "karibu elfu". 996, kwa sababu mtu aliketi akaandika kila mmoja. Miezi miwili baadaye, Desemba 1946, serikali hiyo hiyo ikafungua Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya bado ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi kama 20,000. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Manze, hiyo ni miaka ishirini tu.

Kila mtu alijua wanauawa kwa ajili ya pembe. Pembe inaenda wapi, hiyo ilikuwa stori nyingine, na ndipo Esmond anaingia. Alikuwa ameshatafiti majahazi ya Bahari ya Hindi, kwa hivyo alielewa mali inavyotoka Pwani yetu. Biashara hiyo ni kongwe: pembe za kifaru zilikuwa zikiuzwa nje kutoka pwani hii karibu miaka 2,000 iliyopita. Alifuata pembe hadi Yemen akakuta zinachongwa kuwa mipini ya jambia. Akauliza bei ya kilo, akaandika, miaka ikapita akarudi kuuliza tena. Kazi ya kuchosha, haina video ya kuvutia. Ndiyo iliyofanya serikali zisiweze kusema hazijui.

Nyumbani, hesabu ikageuka. Vifaru waliobaki walikusanywa ndani ya ua, Solio, Ngulia, Nakuru, na walinzi wakaanza kuwaandika wakiwa hai. Alama hukatwa masikioni, na kila sehemu ya sikio ina namba yake. Ukijumlisha unajua ni nani. Mama yake ni yupi, alionekana wapi, ana ndama? Yote yamo kwa faili. KWS wana maabara Lang'ata inayosoma vinasaba, ili pembe ikikamatwa ijulikane imetoka kwa nani. Sai vifaru weusi ni kama 1,000.

Ndio maana Tsavo bado inanikera. Wale 11 walikuwa wametoka Nairobi na Nakuru, kila mmoja anajulikana. Uchunguzi ukasema maji ya visima kule yalikuwa na chumvi nyingi mno. Kumi wakafa, wa kumi na moja akashambuliwa na simba. Tulijua kila kitu kuhusu mnyama, lakini hatukujua maji yake.

Wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na binti yake Fatu. Wanasayansi wanatengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokufa, zilizogandishwa. Hiyo pia ni kumbukumbu, ila inakaa kwenye baridi.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na kuna watu hudhani siku hiyo maktaba pia ilifungwa. Jarida la Pachyderm, ambalo limekuwa likichapisha utafiti wa ndovu na vifaru tangu miaka ya 1980, linasomwa bure. Bando ya shilingi ishirini inatosha. Na siku utaenda Mbuga ya Nairobi ubahatike kumwona mmoja, kabla hujaangalia pembe, angalia masikio.